Doña Fela wa San Juan: maswali ninayoulizwa sana kuhusu meya aliyekaa ofisini miaka 22

Huyu mama ni nani, mbona sijawahi kumsikia?

Jina lake kamili ni Felisa Rincón de Gautier. Kazaliwa tarehe 9 Januari 1897 huko Ceiba, mji mdogo upande wa mashariki wa kisiwa cha Puerto Rico, bahari ya Karibi. Alikuwa meya wa San Juan, mji mkuu wa kisiwa, kuanzia 1946 mpaka mwanzoni mwa 1969, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa mji mkuu katika bara zima la Amerika, kaskazini na kusini. Hujamsikia kwa sababu habari zake nyingi ziko kwa Kihispania, na sisi huku tukisoma habari za viongozi wanawake tunaletewa majina yaleyale ya marais na mawaziri wakuu, meya wa kisiwa ambacho hata sio nchi kamili nani atamkumbuka. Mimi namkumbuka, ndo maana nimekaa nikaandika haya yote.

Doña Fela ndo nani tena? Ni mtu mwingine?

Ni yeye yeye. Doña ni heshima ya Kihispania, kama vile sisi tunavyosema Bi. fulani, na Fela ni kifupi cha Felisa. Watu wa San Juan walimwita hivo mtaani, sokoni na hata kwenye kampeni, na mpaka leo ukimtaja kwa jina refu mtu anaweza akafikiria kidogo ila ukisema Doña Fela kila mtu anajua.

Puerto Rico ni nchi au ni Marekani?

Hapa lazima niende taratibu maana bila hili mengine hayaeleweki. Kisiwa kilikuwa koloni la Hispania miaka mingi sana, vita ya 1898 ikaisha Hispania imeshindwa, kisiwa kikaenda kwa Marekani. Mwaka 1917 wenyeji wakapewa uraia wa Marekani, lakini uraia wa namna yake, kwa sababu mpaka leo mtu anayeishi kisiwani hapigi kura ya rais wa Marekani, na yule mwakilishi wao kule Washington anakaa bungeni anaongea ila kura ya kupitisha sheria hana. Gavana alikuwa analetwa, anateuliwa na rais wa Marekani, mpaka 1948 ndo watu wakamchagua gavana wao wenyewe kwa mara ya kwanza, na mwaka 1952 kikapata katiba yake na hadhi inayoitwa Estado Libre Asociado, yaani kinajiendesha mambo ya ndani ila kiko chini ya Marekani.

Kwaiyo Felisa kazaliwa raia wa dola ya Hispania, kabla hajafikisha miaka miwili bendera imebadilika, na alipokuwa meya kisiwa kilikuwa bado hakijawahi kuchagua gavana hata mmoja. Siasa zake zote zimefanyika ndani ya hali hiyo ya nusu nusu.

Siasa alisomea wapi? Chuo gani?

Hakusomea siasa popote. Alikuwa mtoto wa kwanza kwenye familia kubwa, baba mwanasheria, nyumbani kwao watu wanakuja kuongea mashairi na siasa, yaani maisha hayakuwa mabaya. Alafu mama akafariki Felisa akiwa mtoto wa miaka kumi na kidogo tu, na ikabidi aache shule kwa muda ashike nyumba, awalee wadogo zake. Nyinyi ambao mmekuwa dada mkubwa kwenye nyumba isiyo na mama mnajua hiyo ni kazi gani, unahesabu sahani, unajua nani hajala, nani ana homa, nani kanyamaza kwa sababu ana jambo.

Baadae akasoma mambo ya dawa akafanya kazi famasi. Famasi ya zamani sio ya leo ya kununua panadol na kuondoka, mtu anakuja anaeleza shida yake yote pale kaunta, ya mwili na ya nyumbani. Alafu kwenye miaka ya 1930 akaenda New York, akashona nguo, akajifunza fasheni na biashara ya mavazi, akarudi San Juan akafungua duka lake mwenyewe la nguo.

Watu wanapita haraka hapo kwenye cherehani kama vile ni kitu kidogo cha kujaza wasifu, mi nadhani ndo penyewe. Fundi hawezi kushona kwa kukadiria, lazima amsimamishe mtu mbele yake ampime yeye, sio jirani yake. Ukija kusoma jinsi alivyoendesha ofisi ya umeya utaona ni kitu kilekile, mtu mmoja mmoja, kipimo chake na shida yake.

Wanawake wa Puerto Rico walianza lini kupiga kura?

Swali zuri na jibu lake linauma. Marekani bara wanawake walipata kura mwaka 1920. Kisiwani wakasema basi na sisi ni raia, si ndo hivo? Kuna mwanamke anaitwa Genara Pagán, mfanyakazi wa viwanda vya tumbaku na mtu wa vyama vya wafanyakazi, alikuwa ameishi Marekani akarudi nyumbani akaenda kujiandikisha, wakamkatalia. Yaani raia huyohuyo, akiwa kule ana haki, akivuka bahari kurudi kwao haki inabaki bandarini.

Kina Ana Roqué de Duprey, mwalimu na mwandishi, walikuwa wamesukuma hilo jambo miaka na miaka, akaanzisha umoja wa wanawake wa kudai kura mwaka 1917. Sheria ikaja kupita 1929, lakini kwa wanawake wanaojua kusoma na kuandika tu. Fikiria sasa, wanaume wasiojua kusoma walikuwa wanapiga kura zamani, ila mwanamke wa shambani au wa kiwandani ambaye hakupelekwa shule, ambaye ndo wengi, anaachwa nje. Mpaka 1935 ndo wakaondoa hicho kikwazo, kila mwanamke mtu mzima akaingia.

Uchaguzi wa kwanza wanawake kushiriki ulikuwa 1932. Felisa alikuwa na miaka 35, akawa kati ya wale wa mwanzo kabisa kwenda kujiandikisha San Juan, na babake hakupenda. Sio kwamba baba alikuwa mtu mbaya, alikuwa mwanaume wa wakati wake. Akaenda hivohivo. Na hakurudi nyumbani kukaa, chama cha Liberal kikampa kazi ya kuandikisha wengine, akaanza kupanda na kushuka kwenye mitaa ya mabanda, nyumba kwa nyumba, anawaeleza kina mama kwamba sasa wana kura. Mwaka huohuo wa 1932 María Luisa Arcelay kutoka Mayagüez akaingia bunge la kisiwa, na yeye alikuwa mwenye kiwanda cha ushonaji na utarizi. Sindano tena. Kisiwani wakati ule maelfu ya wanawake walikuwa wanatarizi majumbani kwa malipo kiduchu, nguo zinapelekwa kuuzwa Marekani, kwaiyo sio ajabu wanawake wa kwanza kwenye siasa wametokea kwenye uzi na kitambaa.

Na Muñoz Marín anaingia wapi?

Luis Muñoz Marín ndo mwanasiasa mkubwa wa kisiwa karne ile. Aligombana na wakubwa wa chama cha Liberal wakamfukuza, mwaka 1938 akaanzisha chama kipya, Partido Popular Democrático, nembo yao ile kofia ya ukindu ya mkulima wa milimani inaitwa pava, na maneno yao matatu: mkate, ardhi, uhuru. Felisa alikuwa naye toka mwanzo, anaandaa watu mjini San Juan.

Kitu kimoja kwenye kampeni yao ya 1940 nakipenda sana. Wakulima wa miwa walikuwa wamezoea kuuza kura, dola mbili, au jozi ya viatu. Muñoz na wenzake wakazunguka vijijini wakisema usiuze, ukiuza kura huna haki ya kudai kitu, tukopeshe kura yako na tusipotimiza tutoe. Wakashinda Seneti ya kisiwa kwa tofauti ndogo. Viatu hivyo muviweke kichwani, tutavirudia chini.

Mwaka huohuo wa 1940 Felisa akaolewa na Jenaro Gautier, mwanasheria na mtu wa chama hichohicho. Alikuwa na miaka 43.

Ni kweli aliwahi kukataa umeya?

Kweli kabisa. 1944 walimtaka agombee San Juan, akakataa kwa sababu wanaume wa nyumbani, mume na baba, hawakukubali. Kuna watu wananiandikia wanasema hapo kaniangusha, shujaa gani anaomba ruhusa. Mimi sioni hivo. Alikuwa mwanamke wa familia ya Kihispania ya zamani, kazaliwa karne ya 19, ndoa ina miaka minne, na kura yenyewe wanawake wameipata juzi tu. Kinachonigusa mimi ni kwamba mlango ulivyofunguka mara ya pili hakuuliza tena.

Mara ya pili ilikuwaje?

1946 meya aliyekuwepo, Roberto Sánchez Vilella, akajiuzulu. Huyu jina lake likumbukeni, baadae alikuja kuwa gavana. Chama kikahitaji mtu wa kuziba nafasi, wakamwendea Felisa, safari hii akakubali. Kwaiyo wanaosema aliingia kwa kuteuliwa wako sahihi, aliteuliwa. Ila akaenda kwenye uchaguzi, akashinda, akarudi tena akashinda, hadi ule wa 1964, na hakuna mtu anayechaguliwa tena na tena na wapiga kura wa mji mzima kwa bahati.

Alikuwa na miaka 49 siku anaingia ofisini. Hili naliweka wazi kwa ajili ya wadogo zangu wanaoniambia wana miaka 30 wameshachelewa.

San Juan ilikuwa na hali gani alipoikuta?

Mbaya. Biashara ya sukari ilikuwa inayumba, watu wanakimbia mashamba wanakuja mjini, hawana pa kukaa, wakajenga kwenye tope na mikoko kando ya mfereji wa Martín Peña. Mtaa mkubwa kuliko yote uliitwa El Fanguito, maana yake kitope, na jina halikutia chumvi. Vibanda vya mbao na mabati juu ya nguzo, chini maji machafu, unatoka kwa jirani unapita juu ya ubao, maji yakijaa kila kitu cha chooni kinaelea. Watoto wanakufa kwa kuharisha. Alafu kuna La Perla, mabanda yaliyobandikwa kati ya ukuta wa ngome ya zamani na bahari.

Mwaka 1951 mji wa Río Piedras ukaunganishwa na San Juan, manispaa ikawa kubwa ghafla, na sensa ya 1960 ilikuta watu zaidi ya 400,000. Takataka za watu wote hao, maji, wagonjwa, watoto wa barabarani, vyote vinaishia meza ya meya.

Alianza na usafi, barabara zifagiliwe, taka zizolewe, alafu afya na zahanati, msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo wa wakili, vituo vya wazee. Mitaa ya mabanda ilivunjwa kidogo kidogo, na watu wengi wakahamishiwa kwenye majengo ya serikali, kubwa kuliko yote Luis Lloréns Torres lililofunguliwa 1953, nyumba zaidi ya 2,000 sehemu moja. Hayo majengo hayakuwa yake peke yake, fedha na mipango ilitoka kwa serikali ya kisiwa na ya Marekani, na yamekuja kuwa na matatizo yake mazito, siwezi kusema ilikuwa raha tupu. Lakini mama aliyekuwa anamlaza mtoto juu ya maji machafu akapata sakafu ya saruji na bomba, huyo usimwambie kwamba haikuwa kitu.

Hadithi ya Jumatano ni ipi? Kila mtu anaitaja.

Hii ndo sababu ya mimi kuandika, nivumilieni ikiwa ndefu.

Kila Jumatano alifungua jengo la manispaa kwa mtu yeyote. Hakuna miadi, hakuna barua ya kujulishwa na diwani. Watu wanajaa kuanzia asubuhi, kina mama na watoto mgongoni, wazee, vijana wasio na kazi, wengine hawana viatu, na meya anakaa anaongea nao mmoja mmoja. Huyu mume kafungwa, huyu paa limeanguka, huyu anataka kitanda hospitali, huyu anataka tu barua ya kuombea kazi, na huyu amekuja kwa sababu hajawahi kuongea na mkubwa yeyote maisha yake yote anataka kumwona tu. Anasikiliza, anaita karani pale pale, anasema fanya hivi. Lisilowezekana anasema haliwezekani.

Mimi nishawahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja ya umma kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa mchana nasubiri sahihi moja, mtu mwenye sahihi anapita mbele yangu anaingia anatoka, mwisho nikaambiwa njoo kesho, na kesho yake kesho nyingine. Kilichonichoma hakikuwa njaa, ni kwamba kwa siku mbili hakuna aliyeniangalia usoni. Kwaiyo nikisoma habari ya zile Jumatano sisomi kama historia ya mbali, naona yule mwanamke wa El Fanguito anavyopanda ngazi za jengo kubwa lililojengwa kwa ajili ya wakubwa wa Kihispania, na ndani kuna mtu anamwita jina lake anamwambia karibu, kaa, nieleze.

Wasomi watasema huwezi kuendesha mji wa mamia ya maelfu kwa kumsikiliza mtu mmoja mmoja, unahitaji mifumo. Sawa, mifumo inahitajika. Ila meya anayesikia watu miamoja kila Jumatano anajua mfereji gani umeziba kabla ripoti haijaandikwa, na anajua ripoti gani imemdanganya.

Hivi ni kweli alileta theluji kwa ndege?

Ni kweli jamani! Miaka ya mwanzo ya 1950, akapatana na shirika la ndege la Eastern Airlines, ndege ikapakiwa theluji huko kaskazini ya Marekani ikateremshwa San Juan, kisiwa cha joto, mnazi na jasho. Watoto wakamwagiwa theluji wakaichezea, wakatengeneza mipira wakarushiana mpaka ikawa tope. Ilirudiwa zaidi ya mara moja, na ukimkuta mzee wa San Juan aliyekuwa mtoto wakati ule, ndo kitu cha kwanza atakusimulia.

Wapo waliosema ni upuuzi, pesa za maonyesho wakati watu wana njaa, na wapo waliosema mbaya zaidi, kwamba ni kuwafundisha watoto wa kisiwa watamani Krismasi ya Marekani waone ya kwao haitoshi. Hoja ya pili ina uzito, siikatai. Kisiwa ambacho hakijaamua kiwe nani, unamletea mtoto baridi ya bwana mkubwa kama zawadi. Lakini nikumbushe kwamba miaka hiyo hiyo watu kwa mamia ya maelfu walikuwa wanahama kisiwani kwenda New York kutafuta kazi. Karibu kila mtoto pale alikuwa na mjomba au shangazi anayeandika barua kuhusu kitu cheupe kinachoanguka toka mbinguni. Mtoto wa tajiri anapanda ndege anaenda kukiona, mtoto wa El Fanguito ndege ikamletea. Mimi nabaki upande wa watoto.

Aliwafanyia nini watoto zaidi ya theluji?

Kubwa ni zile Escuelas Maternales, shule za chekechea za manispaa kwa watoto wa familia maskini, mama anamwacha mtoto salama anaenda kazini, mtoto anakula, anaangaliwa afya, anafundishwa. Marekani walivyoanzisha mpango wa Head Start mwaka 1965 mambo yake yakawa yanafanana sana, na wengi wanasema shule za San Juan zilitazamwa kama mfano. Ukimkumbuka yule binti aliyeachiwa wadogo zake baada ya mama kufariki, unaelewa hii ilitoka wapi.

Na kila tarehe 6 Januari, Siku ya Mamajusi, ambayo kisiwani ni sikukuu kubwa sana, aligawa zawadi na viatu kwa maelfu ya watoto.

Viatu! Si ndo kununua kura kulekule?

Nilijua mtauliza, na wapinzani wake waliuliza pia. Chama kilichoingia kwa kuwaambia watu msiuze kura kwa viatu, sasa meya wake anagawa viatu. Walisema ni siasa ya umama, ya kumfanya mtu awe mtoto wa kusubiri mkono wa Doña Fela badala ya kudai haki yake.

Nimelifikiria sana hili. Tofauti naiona: kiatu cha mwenye shamba kilikuja siku ya uchaguzi na kilikuwa na sharti, cha kwake kilikuja Januari kila mwaka, kwa mtoto asiye na kura. Ila lawama siiondoi yote. Mtu akisaidiwa kwa miaka 22 na mtu yuleyule, anajifunza kumshukuru mtu sio kuidai manispaa, na siku mtu huyo akiondoka hajui aende wapi. Hilo ni deni la kweli kwenye kazi yake na wanaompenda tusiogope kulisema.

Alikuwa anataka uhuru wa kisiwa au la?

Alifuata mstari wa chama, na chama kilianza na watu wengi wa uhuru kikaishia kwenye ile hadhi ya 1952. Hapa kuna doa ambalo sitalifunika. 1948 bunge lililoshikwa na chama chake lilipitisha sheria ya kufunga watu midomo, wenyewe wakaiita Ley de la Mordaza, hata kuwa na bendera ya Puerto Rico nyumbani kungeweza kukuletea kesi. Tarehe 30 Oktoba 1950 wazalendo wanaodai uhuru walipoasi, wakashambulia hadi ikulu ya gavana pale pale San Juan, watu wengi wakakamatwa kwa sheria hiyo. Felisa hakuwa mbunge, hakuitunga, lakini lilikuwa bunge la chama chake na mji ulikuwa wake.

Mbona kwenye picha zote ana nywele vile?

Nywele kasuka kazungusha juu ya kichwa kama taji, hereni kubwa, vito, miwani, na mkononi pepeo, ile ya kujipepea. Mapepeo yake yalikuwa maarufu kama yeye. Alikuwa fundi wa nguo, alijua mwili ukivalishwa unasema nini kabla mdomo haujafunguka. Chumba kimejaa wanaume wa suti za kijivu, anaingia yeye, huna haja ya kuuliza meya ni nani. Na mama wa mabandani hakumwona kama anajidai, alimwona kama mtu aliyejipamba kwa ajili ya kuja kumsalimia.

Nje ya kisiwa alijulikana?

Sana. Mwaka 1954 alipewa heshima ya Mwanamke wa Amerika, akatembea nchi nyingi kama balozi wa nia njema wa Marekani, na alikuwa mjumbe kwenye mikutano mikuu ya chama cha Democratic cha Marekani miaka mingi.

Aliondokaje madarakani?

Chama kilipasuka. Yule Sánchez Vilella niliyewaambia mkumbuke jina lake, akiwa gavana aligombana na Muñoz, akaondoka akagombea 1968 kwa chama kingine, kura zikagawanyika, upande wa wanaotaka kisiwa kiwe jimbo la Marekani ukashinda na Luis Ferré akawa gavana. San Juan ikaenda kwa Carlos Romero Barceló, ambaye naye baadae akawa gavana. Doña Fela akakabidhi ofisi mwanzoni mwa 1969, miaka 72 inakaribia kugonga.

Baada yake wanawake wengine wamefuata?

Ndio, ila sio haraka. Sila María Calderón alikuwa meya wa San Juan kuanzia 1997, akatoka hapo akashinda ugavana, 2001 akawa mwanamke wa kwanza gavana wa Puerto Rico. Carmen Yulín Cruz akawa meya 2013, ndo yule aliyeonekana dunia nzima kimbunga Maria kilipopiga 2017, yuko ndani ya maji anaomba msaada kwa sauti. Wanda Vázquez akashika ugavana 2019, na Jenniffer González akaapishwa gavana 2025. Toka Doña Fela atoke mpaka Calderón aingie ile ofisi ya San Juan ni miaka 28 bila mwanamke. Njia aliyofyeka ilianza kuota majani.

Uzeeni alifanya nini? Alijificha?

Kujificha wapi. Mwaka 1992 chama cha Democratic kilipofanya mkutano wake mkuu New York alikwenda kama mjumbe, miaka 95, mkubwa kwa umri kuliko wajumbe wote ukumbini. Mji uleule aliokuwa anashonea watu nguo miaka 60 hivi nyuma. Alifariki tarehe 16 Septemba 1994, miaka 97.

Nikibahatika kufika San Juan nianzie wapi?

Anzia Plaza de Armas, mji wa zamani, jengo la manispaa liko pale pale, simama uangalie ule mlango. Nenda Jumatano kama ratiba inakuruhusu. Alafu teremka upande wa kanisa kuu uingie Caleta de San Juan, kichochoro chenye miti kinachoshuka mpaka lango la zamani la mji, baharini. Namba 51 ndo nyumba yake, sasa ni makumbusho. Ndani kuna picha, tuzo na vitu vyake vya nyumbani, na ukifika kwenye yale mapepeo usipite haraka.